Pasaka ya kwanza bila mama: kufufuka kwa Yesu kunamhusu vipi aliye kaburini?

Kitinda_Mimba aliuliza:

Habari za Pasaka, wapendwa. Nina swali, na naomba msinibandikie mistari mitupu, hiyo nimeshatumiwa mingi kwenye simu.

Mama alifariki muda mfupi kabla ya Kwaresima. Tangu msibani, kila anayekuja kunifariji ananiambia, "Usilie, Yesu amefufuka." Jumapili ya Pasaka nimesimama na wenzangu kuimba, nikafungua kinywa, sauti ikagoma.

Imani sijaiacha. Naamini alifufuka. Kinachonishinda ni kuunganisha: yeye alitoka kaburini siku ya tatu, mama yangu bado yumo. Halafu wengine wananiambia mama ameshafika mbinguni, mwili ni udongo tu, nisiuhangaikie. Mikono iliyoniosha na kunisuka nywele ni udongo tu? Na kama roho imeshafika, ufufuo ni wa nini tena? Nieleweshwe taratibu. Na kama kulia ni upungufu wa imani, niambieni nijue moja.

Katekista_Mstaafu alijibu:

Pole sana, mwanangu. Nianze na hilo la kulia. Yesu alipokwenda kwa kina Martha alikuwa ameshawaambia wanafunzi kwamba anakwenda kumwamsha Lazaro. Alijua kabisa atakachofanya. Na bado alilia (Yohana 11). Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika, aliwaambia wasihuzunike kama watu wasio na matumaini. Wafariji wetu hukata sentensi katikati, wakabaki na "msihuzunike".

Hilo la udongo nimelisikia hata mimbarini, na huwa linaniudhi. Kanuni ya Imani, ile iliyokamilishwa kwenye mkutano wa maaskofu wa Konstantinopoli mwaka 381, haiishii kwenye roho kufika salama. Inaishia kwenye kungojea ufufuko wa wafu. Mwili ungekuwa haujalishi, Yesu angeuacha mle kaburini na roho yake ikaenda zake kwa Baba, wala pasingekuwa na habari ya kaburi tupu. Lakini alikula kipande cha samaki mbele ya wanafunzi, akawaonyesha mikono yake. Alama za misumari zilikuwapo bado. Ni mikono ile ile iliyogusa wagonjwa, imegeuzwa isife tena. Kwa hiyo mikono ya mama yako haijatupwa. Aliyeko kwa Bwana anapumzika, naam, ila naye bado anangojea. Ufufuo ndio utakaoikamilisha kazi.

Itakuwaje? Wakorintho waliuliza hivyo hivyo, wafu hufufuliwaje na kwa mwili gani, na Paulo akawajibu kwa mbegu: unachozika sicho kwa umbo kitakachoota, lakini kinachoota kinatoka humo. Zaidi ya hapo hakujaribu kuchora picha, na mimi sijaribu.

Sasa kuunganisha. Kule Korintho walikuwapo waliosema hakuna ufufuo wa wafu. Paulo anawabana: kama wafu hawafufuki, basi hata Kristo hakufufuka. Kwake yeye hilo ni tukio moja lenye awamu mbili, Kristo kwanza, kisha walio wake atakapokuja. Pasaka unayoiimba ndiyo mwanzo wa siku ya mama yako.

Na soma 1 Wakorintho 15:6 polepole. Barua iliandikwa katikati ya miaka ya 50, kama miaka 20 na ushee baada ya msalaba. Anasema Yesu aliwatokea ndugu zaidi ya 500 kwa pamoja, wengi wao wako hai, lakini baadhi wamelala. Yaani watu waliomwona Mfufuka kwa macho yao nao walikufa, wakazikwa, na wenzao wakarudi nyumbani kwenye kiti kitupu. Huko kungoja kunakokusumbua, Kanisa lilianza nako.

Msomaji_wa_Usiku alijibu:

Dada, kuhusu sauti kugoma: nakala mbili za kale sana za Biblia ya Kigiriki, Sinaiticus na Vaticanus, zote za karne ya 4, zinamaliza Injili ya Marko na wanawake wakikimbia kutoka kaburini, wanatetemeka, hawamwambii mtu neno. Alfajiri ile hakuna kwaya. Kwa Yohana, Mariamu Magdalena yuko mbele ya kaburi ambalo tayari ni tupu, na bado analia. Aliulizwa kwa nini, hakukemewa. Akaitwa kwa jina lake.

Halafu Pasaka ina siku 50, hadi Pentekoste. Aliyekwambia lazima uimbe Jumapili ile ni nani?

Haraka_Haraka alijibu:

Mimi nitasema wanachoogopa wengine. Kungoja karibu miaka 2000 siyo tumaini, ni ahadi inayoahirishwa. Dada alie, azike, aendelee na maisha.

Katekista_Mstaafu alijibu:

@Haraka_Haraka, hoja yako naiheshimu, na Paulo angekuunga mkono nusu njia: alisema kama Kristo hakufufuka, imani ni bure na sisi ni wa kuhurumiwa kuliko watu wote. Hakuacha mlango wa "hata kama si kweli, inafariji." Ndiyo maana mimi sishindani juu ya urefu wa kungoja. Nauliza kama kaburi lile lilikuwa tupu. Kama lilikuwa tupu, anayengoja ana sababu, hata akingoja sana. Kama halikuwa, hata wiki moja ni nyingi mno.

Kitinda_Mimba alijibu:

Asanteni. Mzee wangu, hilo la waliomwona nao kufa sikuwahi kulifikiria, na nimesikia somo hilo tangu utotoni. Sitasema nimepoa. Usiku bado ni mgumu. Lakini angalau naweza kulia bila kujiona msaliti.

Nina jambo jingine. Kaburi bado halijajengewa, na kaka zangu wanataka jiwe liandikwe "Pumzika kwa amani". Mimi sasa nataka "Anangojea ufufuko wa wafu". Wanasema litatisha watu. Nishikilie au niwaachie?

Katekista_Mstaafu alijibu:

Shikilia, mwanangu, ila bila ugomvi, mama asije akawa sababu ya ndugu kununiana. Yote mawili ni kweli na jiwe lina nafasi. Amani juu, ufufuko chini. Muulizeni kwanza fundi kama anahesabu bei kwa herufi.

Msomaji_wa_Usiku alijibu:

Wanahesabu kwa herufi.