Mjadala: Hospitali ilipwe kwa kila kipimo, kwa kila kichwa, au kwa kila ugonjwa?

Karani wa Madai (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nimekaa dirisha la bima miaka mingi, kiasi kwamba namtambua daktari kwa mwandiko kabla sijafika kwenye jina lake. Kila nikisikia watu wanabishana kuhusu bima ya afya, ugomvi ni ule ule: mchango mkubwa, mchango mdogo. Hiyo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni namna fedha zinavyotoka kwenye mfuko kwenda hospitalini, na hapo ndipo nataka tubishane.

Tuanze na hesabu ndogo ya kubuni ili twende pamoja. Chukua watu 1,000. Tuseme kwa mwaka 50 watalazwa, na kila kulazwa kunakula sarafu 200. Jumla 10,000, sawa na 10 kwa kila mtu, mgonjwa na mzima. Weka na 1 ya kuendesha ofisi, mchango ni 11. Sasa hospitali igundue kwamba hakuna anayehoji bili, na kila kulazwa kupande hadi 300. Mchango unakuwa 16. Vijana 300 ambao hawajaugua tangu utotoni wanajiuliza wanalipia nini, wanajitoa. Wamebaki 700, lakini wa kulazwa ni wale wale 50, kwa hiyo kila mmoja sasa anadaiwa zaidi ya 22. Mwaka unaofuata wanatoka wengine. Mfuko unakufa hivyo hivyo, hata bila mtu kuiba senti.

Hiyo 200 ilifikaje 300? Niliwahi kushika fomu ya mgonjwa aliyelazwa siku tisa kwa mguu uliovunjika. Kila asubuhi kipimo cha wingi wa damu. Asubuhi tisa, majibu tisa, tarakimu karibu zile zile. Nikapanda wodini kuuliza kulikoni. Muuguzi, wala hakuwa na ubaya wowote, akanijibu huku anakunja shuka: "Si ana kadi?"

Ndiyo shida ya kulipa kwa kila huduma. Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliieleza mwaka 1963: kwenye matibabu mnunuzi hajui anachohitaji, anamtegemea muuzaji huyo huyo amwambie. Ukiongeza bima, hata maumivu ya kulipa yanaondoka, maana anayelipa hayupo chumbani.

Msimamo wangu: wagonjwa wa nje kituo kilipwe kwa kichwa, yaani kiasi maalumu kwa mwaka kwa kila mwanachama aliyejiandikisha hapo, aje asije. Wa kulazwa walipiwe bei moja kwa ugonjwa. Thailand ndiyo njia waliyoifuata walipoanzisha bima ya wote mwaka 2001, na kwa wa kulazwa wakaweka na ukomo wa bajeti juu yake. Karibuni mnipinge.

Daktari wa Zamu

Karani, heshima yako. Nakupinga kidogo.

Bei moja kwa ugonjwa tunaijua. Marekani waliipitisha mwaka 1983 kwa wazee wanaotibiwa kwa bima yao ya serikali, na siku za kulazwa zikapungua. Kwa mhasibu ni sherehe. Lakini hospitali ikishalipwa bei yake, kila siku ya ziada ni hasara kwake, kwa hiyo mtu anaruhusiwa wakati kidonda bado kinachuruzika, kisha anarudi na kulipiwa upya. Ndiyo maana kuanzia 2012 walianza kuziadhibu hospitali ambazo wagonjwa wake wanarudi kulazwa kupita kiasi ndani ya siku 30. Dawa ya dawa.

Halafu kuna mchezo wa kalamu. Bei ikifuata jina la ugonjwa, majina yanakua. Nimonia ya kawaida inalala, inaamka "nimonia yenye matatizo". Wewe dirishani utajuaje?

Na usidhani kulipa kwa kila huduma lazima kuue mfuko. Ujapani wana bima kwa wote tangu 1961, na sehemu kubwa bado wanalipa kwa huduma. Siri yao ni orodha moja ya bei kwa nchi nzima, inayopitiwa kila baada ya miaka 2, na kipimo kikianza kuongezeka kwa kasi ya kutiliwa shaka bei yake inashushwa. Kumbe shida si lazima iwe kuhesabu huduma. Yawezekana ni nani anapanga bei.

Mama wa Watatu

Nyie mnaongea kama hakuna mtu kwenye benchi. Mimi nimetibiwa kwa hiyo "kwa kichwa" mnayoisifu. Nafika na mtoto ana homa, sijakaa vizuri, karatasi ya rufaa imeshaandikwa. Hajashikwa hata paji la uso! Mwanzoni nilidhani wanatujali sana. Baadaye nikaelewa: hela yangu walishaipokea tangu mwanzo wa mwaka, kila paketi ya dawa wanayonipa inatoka kwao, na wakinisukuma hospitali kubwa gharama inabebwa na mwingine. Kule kwenye vipimo tisa angalau mtu anaangaliwa.

Mlipakodi

Dawa rahisi: kila mgonjwa achangie kidogo papo hapo. Cha bure hakina adabu. Akijua anatoa chochote mfukoni, hatakuja kwa mafua.

Karani wa Madai

Mama, umenigusa. Hilo la rufaa nimeliona kutoka upande wa pili, tulikuwa tunapokea watoto wenye homa za kawaida kabisa. Kulipa kwa kichwa bila kuhesabu rufaa za kila kituo, na kumkata anayezidisha, ni kumlipa mtu alale. Nilipaswa kulisema mwanzoni.

Ndugu Mlipakodi, wazo lako lilishajaribiwa, tena kwa umakini. Kati ya 1974 na 1982, taasisi ya RAND ya Marekani iligawa familia kwa bahati nasibu: wengine walitibiwa bure, wengine wakachangia sehemu ya gharama kwa viwango tofauti. Waliochangia walikwenda hospitali mara chache zaidi, hapo umepatia. Ila walipunguza ziara za maana karibu sawa na zisizo za maana, na maskini wenye presha walidhibitiwa vizuri zaidi pale walipotibiwa bure. Mtu wa kawaida hawezi kujipima nyumbani akajua haya ni mafua na ile ni nimonia. Angejua asingemhitaji Daktari hapo juu.

Daktari, la Ujapani nalikubali. Mfano wa kinyume chake ni China: hospitali za umma ziliruhusiwa kuongeza asilimia 15 juu ya bei ya dawa, na dawa zikaandikwa kweli kweli, hadi nyongeza hiyo ilipofutwa kwa hospitali zote za umma mwaka 2017.

Meneja

Nimesoma kimya, sasa niseme, najua nitarushiwa mawe. Mimi naendesha hospitali.

Mnabishana nilipwe vipi. Niulizeni kwanza kama najua kushona kidonda kunanigharimu nini. Sijui. Hospitali nyingi hazijui. Glovu zinatoka stoo kwa boksi, zikifika wodini hakuna anayeandika zimetumika kwa nani. Fundi wa mashine ya oksijeni analipwa kutoka fungu moja, umeme wa mashine hiyo hiyo fungu jingine, mshahara wa muuguzi fungu la tatu. Mfuko wa bima ukiniletea bei ya upasuaji wa kidole tumbo, nasaini kama mtu anayenunua gari usiku. Nikipata hasara kwenye huo, naifidia kwingine. Sasa mnajua vipimo tisa vinatoka wapi. Hakuna aliyekaa kikao akasema tuibe. Hospitali ina tundu, na maabara ndiyo inayoleta hela.

Jambo la pili ni muda. Madai yanakaa miezi. Muuza dawa hanisubiri miezi. Akinifungia, nanunua kwa wa rejareja kwa bei ya juu, na hiyo tofauti haimo kwenye bei ya mfuko. Nilipeni kwa kichwa, kwa ugonjwa, kwa kilo ya mgonjwa mkitaka, ila nilipeni kwa tarehe.

Daktari wa Zamu

"Kwa kilo ya mgonjwa." Meneja umenichekesha katikati ya zamu.

Mama wa Watatu

Mimi sijacheka. Kwa hiyo mtoto wangu ndiye anaziba tundu?

Meneja

Ndiyo, mama. Kwa sehemu, ndiyo.

Karani wa Madai

Basi narekebisha hoja. Bei kwa ugonjwa bado naitaka, lakini iwe baada ya hospitali chache, kubwa na ndogo, kufuatiliwa mwaka mzima glovu kwa glovu, ili bei iwe na mguu wa kusimamia. Mfuko nao ufungwe kwa tarehe: ukichelewa kulipa, deni liongezeke. Na takwimu za rufaa na za wanaorudi kulazwa zibandikwe hadharani, kituo kwa kituo, ili Mama achague pa kujiandikisha akiwa na macho. Meneja, hilo la mwisho unalikubali?

Meneja

La tarehe nimelikubali hata kabla hujamaliza sentensi. La kubandika, nipeni mwaka mmoja nizibe stoo kwanza.

Daktari wa Zamu

Karani, kabla sijaenda raundi: yule wa mguu, madai yake ya vipimo tisa mliyakata?

Karani wa Madai

Vipimo vilipita vyote. Fomu ilirudishwa kwa sababu mhuri haukusomeka.