Gereji zinazoshusha magari ziache kutudanganya kwamba ulaini wa safari haupungui

Ndugu wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, na hasira yangu haitokani na gari kushuka. Napenda gari lililoshuka, ndiyo maana nililipa fedha zangu lishushwe. Ninachokikataa ni kuuziwa kitu kwa maneno ambayo muuzaji anajua, au kwa kazi yake anapaswa kujua, kwamba hayawezi kuwa kweli. Gereji moja hapa Dar es Salaam, ambayo sitaitaja jina kwa kuwa shauri langu nayo halijaisha, ilinifungia koilova, yaani shokapu na springi zilizounganishwa pamoja zenye pete ya kupandisha na kushusha gari, kwenye Toyota Mark X ya toleo la kwanza, ile GRX120. Kabla ya kupokea malipo, fundi wao mkuu aliniambia mbele ya watu kwamba gari litashuka sentimita tano na ulaini utabaki ule ule wa kiwandani. Gari limeshuka kweli, lakini ulaini haupo tena.

Kwenye matuta ya mtaani gari linagonga chuma kwa chuma hata nikipita taratibu. Kwenye rasta za barabara ya Morogoro mtikisiko unapanda moja kwa moja kwenye uti wa mgongo. Mama yangu mzazi, ambaye ndiye abiria wangu wa siti ya nyuma, sasa anaona afadhali apande daladala kuliko kukaa ndani ya gari ambalo zamani alikuwa akisinzia humo tangu Kibaha hadi nyumbani.

Niseme wazi jambo ambalo gereji hizi hazitaki kulisema kwa mteja. Gari likishuka, nafasi ya kuzama inapungua, yaani ule umbali ambao gurudumu linaweza kupanda kuelekea kwenye mwili wa gari kabla halijafika mwisho. Nguvu ya tuta haipungui kwa sababu gari lako limependeza. Tuta ni lile lile, na nguvu ile ile lazima imezwe ndani ya umbali mfupi zaidi. Nguvu hiyo, yaani nishati ambayo springi inaweza kuimeza, hutegemea ugumu wake na mraba wa umbali inaozama, kwa hiyo ukiipunguza nafasi ya kuzama kwa nusu, springi inahitaji kuwa ngumu mara nne ili imeze kiasi kile kile. Tukichukua mfano wa gari lenye sentimita nane za kuzama likabakiwa na tatu, ugumu unaohitajika unapanda kama mara saba. Hakuna anayefunga springi ya namna hiyo kwenye gari la kwendea kazini, na hivyo kinachotokea ni kwamba gari linamaliza nafasi yake na kugonga kile kipande cha mpira kinachokaa kwenye fimbo ya shokapu. Mpira huo uliwekwa na kiwanda kwa ajili ya dharura, ukutane na shimo kubwa mara moja moja, wala haukuwekwa ili gari liegemee juu yake kutwa nzima.

Hata pale springi inapokuwa ngumu kwa kiasi tu, bado kuna gharama. Mwili wa gari ukiwa juu ya springi huwa na mpigo wake wa asili, yaani idadi ya mara unazopanda na kushuka kwa sekunde moja ukiachwa wenyewe. Magari ya familia hutengenezwa ili mpigo huo uwe kati ya mara moja na mara moja na nusu kwa sekunde, ilhali ya mashindano huzidi mara mbili kwa sekunde. Ukiongeza ugumu wa springi mara mbili, mpigo unapanda kwa asilimia 41, kwa hiyo gari lililokuwa na mpigo wa 1.3 linafika 1.8. Kadiri mpigo wa gari unavyopanda ndivyo unavyosogelea mtikisiko wa kati ya mara 4 na 8 kwa sekunde, ambao ndio unaomsumbua zaidi binadamu aliyekaa kitini anapotikiswa juu na chini, na hilo limo katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2631 ambacho wahandisi hukitumia kupima mtikisiko unaomfikia mtu. Sasa fikirieni lami iliyojikunja kwa uzito wa malori, ikawa na mawimbi yenye nafasi ya mita mbili na nusu kati ya moja na jingine. Ukipita hapo kwa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu uliowekwa na sheria kwenye maeneo ya makazi, gurudumu linapigwa mara tano na nusu hivi kwa sekunde. Springi laini ya kiwandani inachuja sehemu kubwa ya mapigo hayo, na springi ngumu inayaleta ndani.

Nilirudi gereji na kupewa majibu ambayo kila moja lilikuwa la kuniondoa pale.

Jibu la kwanza lilikuwa kwamba koilova lazima zizoee barabara. Bushi na mipira mipya hujikalisha kidogo, na gari linaweza kushuka milimita chache, lakini ugumu wa springi ni suala la unene wa waya, kipenyo cha duara na idadi ya mizunguko, na hakuna kati ya hivyo kinachobadilika kwa kupita Mwenge na kurudi.

Jibu la pili lilinikera zaidi kwa sababu lilisemwa kwa kujiamini sana. Fundi alichukua spana ya pete akasema atalegeza springi ili iwe laini. Kulegeza pete hakubadilishi ugumu wa springi ya kawaida hata kidogo. Springi inayohitaji kilo 8 ili izame milimita moja itahitaji kilo 8 hizo hizo ukikaza na ukilegeza, na uzito wa gari unaoikandamiza nao haujabadilika. Kinachobadilika ni urefu wa gari kutoka chini, basi. Kwa kulegeza pete ile aliniondolea nafasi nyingine ya kuzama na kulifanya gari kuwa gumu kuliko lilivyokuja, kisha akaniambia nikajaribu, nitaona tofauti. Tofauti niliiona kwenye tuta la kwanza.

Jibu la tatu ni lile la kuzungusha kitufe kilicho juu ya shokapu hadi mwisho wa upande wa laini. Kitufe kile hakiigusi springi. Kinarekebisha jinsi mafuta yanavyopita ndani ya shokapu, yaani kasi ya kuzama na kurudi. Springi ngumu inahitaji shokapu yenye nguvu zaidi ya kuizuia isirudi kwa kishindo, na ukiilegeza shokapu wakati springi ni ngumu, gari linadunda kila baada ya tuta badala ya kutulia. Sasa nina gari linalogonga likishuka na kudunda likipanda, na hiyo ndiyo huduma niliyolipia.

Nikawauliza walichagua springi hizi kwa vigezo gani. Zote nne zimeandikwa kilo 8 kwa milimita, mbele na nyuma sawa. Nikaambiwa ni namba nzuri, maana kuna Subaru ya mteja wao yenye namba hiyo na inatembea vizuri. Jamani, namba iliyoandikwa kwenye springi si namba inayofika kwenye gurudumu. Mbele ya Mark X kuna mikono miwili ya chuma inayoshika gurudumu, wa juu na wa chini, na shokapu imefungwa sehemu ya ndani ya mkono wa chini, kwa hiyo gurudumu likipanda sentimita moja, springi haizami sentimita moja kamili. Ikizama milimita saba, ugumu unaofika kwenye gurudumu ni chini kidogo ya nusu ya ule ulioandikwa, kwa sababu uwiano huo unazidishwa kwa wenyewe. Subaru Impreza mbele ina mfumo wa MacPherson, ambao springi na shokapu zimesimama karibu kabisa na gurudumu, na namba iliyoandikwa inakaribia kufika yote. Kulinganisha magari haya mawili kwa namba ya springi ni kumwambia mteja maneno yasiyo na maana, na mtu anayeuza koilova kama kazi ya kila siku hana udhuru wa kutolijua hili.

Na suala la mbele na nyuma kuwa sawa linanisikitisha zaidi, kwa sababu si jambo jipya. Maurice Olley, mhandisi Mwingereza aliyetoka Rolls-Royce akaenda kufanya kazi General Motors nchini Marekani, alilishughulikia katika miaka ya 1930. Alionyesha kwamba mpigo wa nyuma unapaswa kuwa juu kidogo ya ule wa mbele, kwa kuwa magurudumu ya nyuma hulifikia tuta yakiwa yamechelewa, na mpigo wa haraka zaidi unayasaidia kuyafikia ya mbele ili gari lipande na kushuka kwa pamoja badala ya kuinamisha na kuinua pua. Maarifa haya yana umri wa karibu miaka mia moja, na bado mwaka huu mtu ananiuzia springi nne zinazofanana bila kupima uzito wa pua wala wa mkia.

Kilichonithibitishia kwamba sikosei ni fundi mwingine wa Ilala, mtu mzima asiye na maneno mengi, ambaye hakutumia mashine yoyote. Alifunga kikamba cha plastiki kwenye fimbo ya kila shokapu ya mbele, akanituma nizunguke mitaa kwa mwendo wa kawaida, na niliporudi vikamba vyote viwili vilikuwa vimesukumwa hadi kwenye mpira. Gari likiwa limesimama, nafasi kati ya shokapu na mpira ilikuwa sentimita mbili tu. Akanionyesha kwamba shokapu za seti hii zina kitako cha chini kinachorefuka na kufupika, kilichotengenezwa mahususi ili gari lishushwe bila kuigusa nafasi ya kuzama ya shokapu, na kwamba gereji ile haikukigusa kabisa. Walishusha gari lote kwa pete ya springi, kwa sababu ndiyo njia ya haraka. Kwa hiyo hata faida ambayo kifaa chenyewe kingenipa, nimeikosa kwa uvivu wa aliyekifunga.

Juu ya hayo walinisisitiza nichukue rimu za inchi 19 zenye matairi 235/35, yaani upana wa milimita 235 na ubavu wa asilimia 35 ya upana huo. Tairi la awali la 215/60 kwenye rimu ya inchi 16 lina ubavu wa milimita 129, na hili jipya lina milimita 82. Tairi ndilo linalokutana na barabara kabla ya springi yoyote, na hapo napo nimeondolewa karibu sentimita tano za mpira na upepo. Nilipouliza kama rimu hizo zitaongeza ugumu, nilijibiwa kwamba koilova zitafidia. Zifidie kwa nafasi ipi?

Nilipokuwa pale nikilalamika, kijana mmoja mwenye IST alikuwa akikatiwa springi za kiwandani kwa msumeno wa umeme, huku akiahidiwa maneno yale yale niliyoahidiwa mimi. Springi yenye mizunguko sita inayofanya kazi ukiikata mmoja inakuwa ngumu zaidi kwa asilimia 20, inakaa juu ya shokapu ya zamani isiyolingana nayo, na gurudumu likining'inia kwenye shimo springi hiyo fupi inaweza kuchomoka mahali pake. Tena kwenye magari yenye MacPherson, yaani Corolla, IST, Vitz na wenzao, ukishusha sana mikono ya chini inabadilika mlalo, na kile kitovu ambacho gari linaegemea likiwa kwenye kona kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito wa gari kinavyoshuka, hivyo gari linakuwa na hamu ya kulala zaidi kwenye kona badala ya kupunguza. Kijana yule alilipa akaondoka akiwa na furaha, na mimi nilishindwa kunyamaza nikamweleza pale pale, jambo lililosababisha niombwe nitoke nje.

Siwasemi mafundi wote. Kuna wanaofunga springi fupi za sentimita mbili au tatu pamoja na shokapu zinazolingana nazo, wakapima mlalo wa magurudumu na kumweleza mteja kwamba gari litakuwa gumu kiasi fulani, na wateja wao wanaridhika kwa sababu walijua wanachonunua. Malalamiko yangu ni juu ya wale wanaoficha gharama hiyo ili mauzo yasipotee. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha na kuhadaa katika biashara, na sioni kwa nini gereji ijione iko nje ya sheria hiyo.

Lakini kinachonifanya nishindwe kulala ni hiki: shokapu na springi zangu za kiwandani hazipo. Niliacha gari asubuhi, nikalifuata jioni, na nilipodai vifaa vyangu nikaambiwa vimekwishauzwa, eti ni utaratibu wa gereji na kila mteja anaujua. Mimi sikuujua, haukuandikwa kwenye risiti, na hakuna aliyeniomba ridhaa. Vilikuwa vizima, havivuji mafuta, na ndivyo pekee ambavyo vingenirudisha nilikotoka. Kuuza mali ya mteja bila kumwambia kuna jina lake, na jina hilo nimewaandikia katika barua niliyowakabidhi kwa mkono na kusainiwa mapokezi.

Ninachodai kwao ni fedha yangu ya koilova na ya ufundi irudishwe, na shokapu nne na springi nne za kiwandani za GRX120 zipatikane kwa gharama yao, zikiwa na mipira na vikombe vyake vya juu. Ninachoomba kwenu ni mambo mawili. Aliyefanyiwa hivi na gereji yoyote aeleze hapa alichoahidiwa na alichopewa, bila kutaja majina ya watu. Na kama kuna aliyenunua hivi karibuni seti iliyotumika ya Mark X maeneo ya Ilala au Gerezani, zote nne kwa pamoja, tafadhali aniandikie kwa faragha. Niko tayari kumrudishia alichotoa pamoja na nauli, na risiti aliyopewa nitaihitaji kuliko hata shokapu zenyewe.