Mrejesho wa gofu: Dreva ya nyuzi 9 au 10.5?

Kwa waliopitwa: kasi ya kichwa cha fimbo maili 88 kwa saa, dreva (fimbo ya kupigia mbali) ya nyuzi 9, mpira unaondoka chini na kudondoka mapema. Swali lilikuwa nibadili lofti (mlalo wa uso wa fimbo, ndizo hizo nyuzi) au swingi (namna ninavyozungusha fimbo).

Asanteni. Aliyesema "puliza poda usoni kwanza", yaani kwenye uso wa dreva ili kuona mpira unagusa wapi, alipatia. Alama zilikuwa chini ya katikati ya uso, na hapo ndipo mpira huondoka chini ukiwa na spini nyingi (unajizungusha sana). Tii (kijiti cha kuwekea mpira) imepanda mpaka nusu ya mpira ionekane juu ya kichwa cha dreva, na mpira umesogezwa usawa wa kisigino cha mguu wa mbele. Hilo peke yake limepandisha pembe ya kuondokea kutoka nyuzi 8 hadi 10. Bado kidogo, kwa kasi hii inafaa 13 hivi.

Ndipo nikapandisha lofti hadi 10.5, na hapa tahadhari. Ukiongeza lofti kwa kuzungusha shingo ya dreva, uso nao hujifunga (hugeukia ndani), kwa hiyo anayepiga kwa mkono wa kulia ataona mpira unakimbilia kushoto. Ukiunyoosha uso kabla ya kupiga, lofti iliyoongezwa inafanya kazi yake. Skrubu ikazwe mpaka ufunguo ulie "tak", la sivyo kichwa kitacheza.

Sasa pembe ni nyuzi 12.5, spini mizunguko 2,600 kwa dakika. Shafti (mpini wa fimbo) haijaguswa.