Wati 10,000 kwenye boksi, wati 60 kwenye kibandiko cha nyuma: uongo huu wa spika utaendelea hadi lini?

Wakuu,

Sifungui uzi huu kuomba ushauri wa sabufa ipi "inagonga". Ninalalamika. Mtu mwenye shilingi 300,000 anayetaka spika mbili za kusikilizia muziki sebuleni, zenye sauti safi na si kelele, hana pa kuanzia pale Kariakoo, kwa sababu karibu kila namba iliyochapwa kwenye boksi imewekwa ili kumpotosha.

Wati ndiyo aibu kubwa kuliko zote. Juu ya boksi utasoma PMPO (eti nguvu ya kilele) 10,000W, kwa tarakimu kubwa kuliko jina la kiwanda. Igeuze spika hiyohiyo, usome kibandiko kidogo kilichobandikwa karibu na waya wa umeme: 220–240V, 50Hz, 60W. Hizo 60 ndizo zinazoingia kutoka ukutani, na hakuna amplifaya iliyowahi kutoa mfululizo nguvu kubwa kuliko ile inayoivuta. Soketi zetu ni za ampea 13 kwa volti 230, yaani takribani wati 3,000 kwa soketi nzima. Kama zile 10,000 zingekuwa za kweli, fyuzi iliyo ndani ya plagi ingekatika kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio, na uniti za LUKU zingeyeyuka kana kwamba nyumbani kuna karakana ya kuchomelea mageti. PMPO haina kanuni inayokubalika ya kuipima. Kila kiwanda hujipangia hesabu yake. Kipimo chenye maana ni RMS, yaani nguvu inayoweza kutolewa kwa mfululizo, na hicho ama hakiandikwi kabisa, ama huandikwa bila kusema sauti inakuwa imeanza kukwaruza kwa kiasi gani nguvu hiyo inapofikiwa.

Wala jambo hili si geni duniani hata tuseme wahusika hawajalisikia. Marekani waliwekea amplifaya za nyumbani kanuni ya namna ya kutangaza wati mwaka 1974, hasa kwa sababu watengenezaji walikuwa wakishindana kwa namba zisizolingana, na mwaka 2024 kanuni hiyo ikaongezewa makali. Hapa kwetu Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji katika biashara. Ningependa mwenye taaluma ya sheria aliye humu atueleze: boksi linalotangaza nguvu zaidi ya mara 100 ya umeme ambao kifaa kinautumia linaitwaje, kama si upotoshaji?

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba wati zenyewe, hata zikiandikwa kwa ukweli, si jambo kubwa kiasi hicho kwa msikilizaji wa sebuleni. Ukiongeza nguvu maradufu unapata nyongeza ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji takribani nguvu mara 10. La kuuliza ni spika inatoa desibeli ngapi kwa wati 1 ikipimwa umbali wa mita 1. Spika ya desibeli 90 ikipewa wati 10 hulingana kwa ukubwa wa sauti na ya desibeli 84 iliyopewa wati 40. Muulize muuzaji swali hilo uone atakavyokutazama.

Matokeo yake tunayasikia masikioni. Fedha ambayo ingenunua koni nzuri, yaani ile sehemu inayotetema na kutoa sauti, na kasha zito imetumika kwenye taa za disko, rimoti, sehemu ya flashi na tundu la maikrofoni ya karaoke. Katika baadhi ya spika hizo hata twita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, ni pambo: kuna duara linalong'aa, nyuma yake hakuna kitu. Vispika vya pembeni vina koni za inchi 3 ambazo haziwezi kufikia noti za chini, hivyo kazi yote ya chini huachiwa lile sanduku la sakafuni, ambalo limetengenezwa kuvuma kwa noti ileile moja hata besi ikipigwa vipi. Katikati hubaki pengo, na pengo hilo ndipo sauti ya mwanamume inapokaa. Wekeni taarabu ya Culture Musical Club ya Zanzibar kwenye mitambo hiyo: kanuni, ile ala ya nyuzi, inageuka mchanga, fidla inachoma, na besi inasikika kama jirani anayehamisha kabati. Halafu boksi linakuambia Hz 20 hadi 20,000, masafa yote ya sikio la binadamu, bila kutaja sauti hupungua kiasi gani huko mwisho wa masafa!

Dukani hali ni hiyohiyo. Muuzaji anachomeka flashi yake yenye singeli, anafungua sauti hadi mwisho, barabara nzima inageuka, na hapo anaona kazi yake imekwisha. Ukimwomba apunguze, au akuwekee wimbo wako kutoka kwenye simu, ananuna. Risiti imeshachapwa kwamba bidhaa ikiuzwa hairudishwi.

Wakati huohuo spika zenye namba za kweli zinadharauliwa. Edifier R1280T, kwa mfano, hutangazwa na watengenezaji wake kuwa na wati 42 za RMS kwa jumla, ina koni ya inchi 4 na twita ya hariri, nazo zinatosha kabisa kwa sebule ya kawaida. Lakini ikiwekwa kando ya boksi la 10,000, mteja anacheka na muuzaji anamwambia kwamba hizo ni za kompyuta. Uongo wa mmoja umemfanya mkweli aonekane dhaifu, na mfanyabiashara ana sababu gani ya kuagiza mali isiyotoka?

Wengi mtasema twende mtumba. Nakubali kwamba kasha la zamani la mbao lenye koni ya inchi 8 mara nyingi hushinda mpya ya bei hiyohiyo, lakini huko nako kuna mambo ya kutazama: sponji ya pembeni mwa koni huoza kwa umri, japo fundi mzuri huibadilisha, na amplifaya iliyotoka Japani ni ya volti 100, hivyo ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu bila transfoma ya kushusha, umeiunguza.

Kwa hiyo ombi langu ni moja. Anayelijua duka, Dar es Salaam au mkoani, linaloruhusu mteja kusikiliza muziki wake mwenyewe kwa sauti ya kawaida na linalokubali kurudishiwa mali ndani ya wiki, alitaje hapa. Na anayesifia spika yake aweke picha ya kibandiko cha nyuma. Za maboksi tumeshaziona za kutosha.