Nafasi ya spa kwenye meli ya kitalii: tulipe mapema au tusubiri?

BintiJinja

Habari zenu, ndugu zangu. Mwezi wa Desemba mimi na wadogo zangu tutampeleka Mama Dubai, na kutoka hapo tutapanda meli ya kitalii kwa siku 7, ikipitia Abu Dhabi na Doha. Mama ameuza samaki sokoni hapa Jinja kwa miaka mingi, akiinama na kubeba mizigo tangu alfajiri, na tunatamani sana akandwe vizuri angalau mara moja maishani mwake. Tovuti ya meli inatuhimiza tulipie sasa nafasi ya spa, yaani mahali pa kukandwa, dola 150 kwa dakika 50. Je, tulipe au tusubiri? Mjue pia kwamba anatumia dawa za shinikizo la damu, na hatakubali kukandwa na mwanamume.

MsafiriWaEntebbe

Dada, hongereni kwa kumkumbuka Mama. Nimesafiri kwa meli za namna hiyo mara mbili, na jambo la kwanza ninalokuomba ulijue ni kwamba dola 150 huenda isiwe bei ya mwisho. Meli nyingi huongeza zenyewe bakshishi ya asilimia 18 au 20, kwa hiyo mtalipa dola 177 au 180, nanyi hamtadaiwa kumpa mkandaji kitu kingine, hata mkiona kwenye risiti pameachwa nafasi ya kuongeza.

Kuhusu siku, saa zinazojaa upesi ni zile za siku ambayo meli inashinda baharini, na anayezitaka hana budi kuziwahi mapema. Mimi nisingezitaka. Meli inapofunga gatini, abiria wengi hushuka kutembea mjini, vitanda vya spa hubaki vitupu, na mara nyingi bei hupunguzwa. Isitoshe, spa nyingi hujengwa ghorofa za juu, upande wa mbele, mahali ambapo mtikisiko wa mawimbi husikika kuliko katikati ya meli, na mtu asiyezoea bahari akilazwa kifudifudi huku chombo kinayumba anaweza kupata kichefuchefu. Aliyewahi kuvuka Ziwa Viktoria kwenda Kalangala siku ya upepo atanielewa. Mkiwa Doha asubuhi, Mama atakandwa kwa utulivu, kisha mshuke naye mchana.

Ikiwa bado mnataka kulipa mapema, someni kwanza masharti ya kughairi, kwa kuwa meli nyingi hutaka taarifa saa 24 kabla, la sivyo hutoza gharama yote.

MkandajiWaNtinda

Nakubaliana na Ndugu Msafiri, ila kwangu afya ya Mama inatangulia bei. Nafanya kazi ya kukanda hapa Kampala, na ninawasihi mpitie kwa daktari wake kabla ya safari na kumwomba barua fupi, kwa sababu spa za melini humpa mteja fomu ya kujaza kuhusu afya yake, na anayeandika kwamba ana shinikizo la damu anaweza kuombwa barua hiyo au kukataliwa baadhi ya huduma. Tafadhali msiifiche hali yake ili apokelewe. Mwombeeni mkando mwepesi, si ule wa kushindilia misuli kwa nguvu, hasa ikiwa anatumia pia dawa za kuzuia damu kuganda. Sauna na chumba cha mvuke aviache, maana joto hutanua mishipa, shinikizo hushuka, na mtu anayetumia dawa za shinikizo anaweza kupata kizunguzungu na kuanguka anapoinuka. Hata kitandani, ainuke polepole na akae kidogo kabla ya kusimama.

Mkandaji wa kike ombeni wakati wa kuweka nafasi, si mlangoni. Ombi hilo ni la kawaida na hakuna atakayelishangaa.

MsafiriWaEntebbe

Naongeza jambo moja. Baada ya mkando, huenda Mama akaletewa mafuta na krimu pamoja na karatasi ya bei. Wakandaji wengi wa melini hupata kamisheni kwa wanachouza, kwa hiyo mfundisheni kusema “asante, sihitaji” bila kuona haya, kwa kuwa hawajibiki kununua chochote.

BintiJinja

Asanteni sana. Tutachagua asubuhi ya Doha, na Jumatatu tutamwona daktari. Mama mwenyewe ameniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: je, atalazimika kuvua nguo zote?

MkandajiWaNtinda

Hapana, Dada. Mkandaji hutoka nje ili mteja avue kwa faragha kadiri anavyoridhia, naye anaweza kubaki na nguo ya ndani. Kisha hulala chini ya shuka, na mkandaji hufunua sehemu moja tu anayoishughulikia, yaani mgongo au mguu, na kuifunika tena kabla ya kwenda kwenye nyingine. Mwambie Mama kwamba wakati wowote anaweza kusema “hapo basi”, na mkono utaondoka.