Mrejesho: kifurushi cha Wi-Fi kimepatikana

Assalaamu alaykum ndugu zangu. Nilikuulizeni kwa nini Debian 12, mfumo endeshi wa Linux niliouweka kwenye kompyuta ya skuli yetu hapa Chake Chake, inasema kifurushi cha firmware-iwlwifi (programu dhibiti inayoiwezesha kadi ya Wi-Fi kufanya kazi) hakipatikani, ilhali kwenye mashine yenye Debian 11 kinapatikana bila ya taabu. Mlinitaka nifungue faili la sources.list, lenye orodha ya mahali ambapo Debian huchukua programu zake, na kosa lilikuwa humo humo: mstari niliounakili kutoka mashine ya zamani uliishia kwenye sehemu za main, contrib na non-free (hii ya mwisho ni ya programu zisizo huria), wakati tangu Debian 12 ilipotoka mwezi wa Juni 2023, programu dhibiti zisizo huria zimehamishiwa kwenye sehemu yake mpya iitwayo non-free-firmware. Niliongeza neno hilo mwishoni mwa mstari, nikaunganisha simu kwa waya ili nipate intaneti, nikaendesha apt update (amri ya kusasisha orodha ya vifurushi), kisha nikakisakinisha kifurushi. Baada ya kuiwasha upya mashine, Wi-Fi ilishika. Non-free yenyewe nimeiondoa, kwani hatuna tunachokihitaji humo, na mgawanyo huu mpya naupenda kwa sababu hiyo hasa. Ahsanteni sana.