Speak, Perks, Thirteen Reasons Why ama Rosa Mistika: tuanze na kipi?

Zuhra_Tudor
Asalaam aleikum wapendwa. Mie niko kidato cha tatu hapa Mombasa, na mtaani tuna kikundi chetu cha kusoma, wasichana na wavulana, likizo hii tumekubaliana tusome riwaya za vijana waliopitia mambo mazito. Mie nshazisoma nne na nimepewa kazi ya kupendekeza ya kwanza. Ntasema nilivyoziona nanyi mnisaidie.

Speak ya Laurie Halse Anderson (1999) ndo imenishika zaidi. Melinda anaanza skuli ya sekondari na hakuna anayemsemesha kwa sababu alipiga simu polisi kwenye pati mwisho wa likizo, wote wamemnunia na hakuna hata mmoja aliyemuuliza kwani ulipiga kwa nini. Sisi twajua polepole kwamba alibakwa pale na mvulana mkubwa ambaye skuli nzima yamtukuza. Basi akanyamaza. Mwandishi hakai kukwambia ana huzuni, yuwakuonyesha midomo yake, anaing'ata mpaka inapasuka na kuwa na magamba, na wazazi wake wakizungumza naye ni kuhusu maksi tu. Kuna mwalimu wa sanaa, Bwana Freeman, amempa kazi ya mti mwaka mzima, na miti yake ya mwanzo yatoka kama imekufa. Halafu siku moja anachukua mifupa ya bata mzinga waliomla nyumbani anatengeneza nayo kitu, mwalimu anakitizama na anaona maumivu mle ndani. Hapo ndo nililia jamani, sikulia penye tukio lenyewe.

Thirteen Reasons Why ya Jay Asher (2007) niliimaliza haraka kuliko zote, yavuta kweli. Hannah ashakufa, ameacha kaseti saba, kila upande una kisa cha mtu aliyemuumiza, na Clay yuwasikiza usiku kucha akizunguka mtaani. Lakini ilinikera. Naona kama Hannah amepata kusikizwa baada ya kufa tu, na msomaji ambaye moyo wake umechoka aweza kuamini ndo njia yenyewe.

The Perks of Being a Wallflower ya Stephen Chbosky (1999 pia) ni barua, kijana Charlie amwandikia mtu asiyemjua. Nzuri, ila mie ilinichelewesha. Na Rosa Mistika ya Kezilahabi najua wengi mwaijua.

Swali nililoziuliza zote ni moja: je, mle ndani kuna mtu mzima hata mmoja aliyesikiza? Kwa hilo mie nasema Speak. Nyinyi je?

KijanaLikoni
Dada Zuhra umeipita Perks mbio sana, hapo sikubaliani nawe. Umesahau Bill, yule mwalimu wa Kiingereza? Kila mara ampa Charlie kitabu kingine asome aandike, na mwisho wa mwaka amwita nyumbani kwake amwambie kwamba yeye ni mtu wa maana. Huyo pia ni mtu mzima aliyesikiza.

Halafu kuna jambo ambalo hizo nyingine hazina. Charlie ni mvulana, na aliyemfanyia ubaya utotoni ni Helen, khalati yake mwenyewe, ambaye Charlie anampenda na amemlilia kitabu kizima, na Charlie mwenyewe hajui kilichomsibu mpaka karibu na mwisho akili inapomfungukia anaishia hospitali. Unasema ilikuchelewesha, lakini imecheleweshwa makusudi kwa sababu mtu aliyeumizwa na anayempenda hachukui siku moja kujua. Huku kwetu mvulana akisema alifanyiwa hivyo nyumbani nani atamuamini, watacheka, wenzake wa barazani ndo wa kwanza. Mimi nataka wavulana wa kikundi chenu wakisome hiki, wallahi nataka sana. Na asiyeweza kusoma Kiingereza kirefu kuna filamu ya 2012, Chbosky mwenyewe ndiye aliyeiongoza.

Mwalimu_Kisauni
Mwanangu Zuhra, umeandika vizuri. Lakini mbona Rosa Mistika umeipa mstari mmoja? Ilitoka 1971, kijiji ni Namagondo kule Ukerewe, na iliwahi kupigwa marufuku kwenye skuli za Tanzania kwa sababu ilisema waziwazi yale watu wazima hawakutaka kuyasikia. Rosa anapigwa na babake Zakaria kwa sababu ya barua ya mvulana, anafungiwa, anatishwa, mpaka anaogopa hata kuzungumza na mwanamume, na siku anapotoka kwenda skuli ya mbali hana alichofundishwa isipokuwa woga. Makosa anayoyafanya baadaye waweza kuyafuata nyuma moja baada ya jingine mpaka yakufikishe kwenye mikono ya Zakaria.

Nimefundisha miaka mingi na hao wakina Zakaria nawajua, huja siku ya wazazi wakasema binti yangu mimi simuachi hata akae dirishani.

Zuhra_Tudor
Ahsante mwalimu, ni kweli nimeidhulumu. Ila Rosa naye ajiua mwishoni na ndo maana niliogopa kuanza nayo. Hakuna aliyemsikiza mle ndani, babake ni ngumi na pombe, mamake Regina yuwampenda lakini naye ni wa kupigwa.

Mwalimu_Kisauni
Hilo nakubali. Basi isiwe ya kwanza, lakini isiachwe.

MamaSwaleh
Samahanini naingilia. Mie ni mzazi, binti yangu yuko Grade 9, sasa hivi vitabu vya ubakaji na kujiua si vitamfungua macho kabla ya wakati? Sisemi vibaya nauliza tu maana moyo wanipiga.

Dada_Bamburi
Mama Swaleh shikamoo. Kuuliza ni haki yako kabisa. Mimi nakaa na vijana kazini kwangu, na ninachokiona ni kwamba wengi washayaona mambo haya, kwenye simu ama nyumba ya jirani, au yamewapata wenyewe, walichokosa ni pa kuyasemea. Ushauri wangu usimpe kitabu akajifungie nacho. Kisome wewe kwanza ama msome pamoja, na akikuuliza jambo usimkate.

Kuhusu Thirteen Reasons Why niko na Zuhra na naongezea hili. Mle kitabuni Hannah anaenda kwa Bwana Porter, mwalimu aliyeshikizwa kazi ya ushauri, anajaribu kumweleza, na yeye amwambia kama hutaki kumkabili aliyekuumiza basi jaribu kusahau uendelee. Anatoka ofisini na Porter hamfuati. Watu wazima wasome sura ile hata kama hawasomi nyingine. Lakini ile tamthilia ya Netflix ya 2017 msiwawekee vijana hivi hivi, ilileta kelele nyingi mpaka Julai 2019 Netflix wenyewe wakalitoa onyesho la kifo kwenye msimu wa kwanza.

Na kwenye kikundi chenu Zuhra, kabla hamjaanza waambie wote nambari 116, ni ya Childline Kenya, huduma ya kusaidia watoto, simu ni ya bure mchana na usiku. Kuna mtu atakayesoma Speak akajiona yeye ndo Melinda, na si lazima awe ameshakwambia.

MamaSwaleh
Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Ntaisoma hiyo Speak mwanzo mie.

KijanaLikoni
Sawa, Speak ianze, lakini Perks iwe ya pili mniahidi. Na Speak ipo pia ya michoro ya Emily Carroll, ilitoka 2018, kwa wale wanaokimbia kurasa ndefu.

Zuhra_Tudor
Nakuahidi kaka. Speak, halafu Perks, halafu Rosa Mistika na mwalimu tutamuomba aje aketi nasi siku hiyo. Thirteen Reasons Why tutasoma ile sura ya Porter peke yake, na nambari naiandika kwenye karatasi ya kwanza ya kila nakala.

Mwalimu_Kisauni
Ntakuja inshallah. Nakala ya Rosa ninayo, jalada limetoka lakini kurasa zote zimo, mtu aje aichukue Jumamosi baada ya alasiri.